Peke Yako na Nani?

Mwaka jana, mwezi wa tano, nilipanda basi kutoka Muscat hadi Salalah. Ni kama kilomita 1,000, saa kumi na mbili hivi za kukaa, na karibu zote ni jangwa. Si lile jangwa la kalenda, la vilima vya mchanga wa dhahabu na ngamia mmoja juu kama ameagizwa asimame pale. Hili ni la changarawe. Tambarare, rangi ya chapati iliyobabuka kidogo, na barabara imepita katikati kama imepigwa rula. Nje joto lilikuwa limepita nyuzi 40. Ndani, AC ilikuwa kali hadi nikavaa koti nililobeba kwa ajili ya ndege.

Tulipofika Haima, karibu katikati ya safari, basi likasimama watu wale na waende choo. Nikapiga picha ya changarawe na nyaya za stima zinazopotelea mbali, nikaweka stetasi: “Jangwani, peke yangu.” Nyuma ya simu yangu kulikuwa na watu kama arobaini, wengi vijana wa Bangladesh na Pakistan wanaorudi kazini, wamepanga foleni ya choo. Hao sikuwapiga picha. Wangeniharibia jangwa.

Dakika mbili baadaye jibu likaingia kutoka kwa dada yangu aliyekuwa ananingoja Salalah. Ni binti ya mama mkubwa, amenizidi miaka sita, na nauli ya hiyo safari ilitoka mfukoni mwake. Aliandika maneno manne tu: “Peke yako na nani?”

Nilicheka. Halafu nikarudi kwenye kiti changu, nikafungua kitabu nilichokuwa nasoma kwenye simu, na hilo swali likakataa kuondoka.

Kitabu ni *Arabian Sands* cha Wilfred Thesiger, kilichotoka mwaka 1959. Nakala yangu ya karatasi niliinunua kwa inama, pale mjini Nairobi, jalada limekwanguka, na niliiacha nyumbani kwa sababu ya uzito wa begi. Ukiuliza mtu yeyote anayesoma vitabu vya safari akutajie kitabu kimoja cha jangwa, kuna uwezekano mkubwa atataja hiki. Sisi Wakenya tuna sababu ya ziada ya kumjua huyu mzee: alizaliwa Addis Ababa mwaka 1910, akasoma Eton na Oxford, na baada ya kuzunguka kwote huko aliishi miaka mingi Maralal, kati ya Wasamburu, hadi miaka ya 1990. Alifariki Uingereza mwaka 2003.

Kilichompeleka Uarabuni mwaka 1945 ni nzige. Kulikuwa na kitengo cha Waingereza cha kupambana na nzige, na walitaka mtu wa kuingia jangwani kutafuta wanapozaliana. Sisi tuliomwona nzige mwaka 2020 tunaelewa kwa nini serikali ingelipa mtu kwa kazi hiyo. Thesiger mwenyewe hafichi kwamba nzige walikuwa kisingizio. Alichotaka ni Rub al-Khali, eneo ambalo jina lake linamaanisha Robo Tupu. Wabedui wenyewe hawakuliita hivyo; waliliita tu Mchanga. Lina ukubwa kuzidi Kenya yote. Wazungu wawili walikuwa wamelivuka kabla yake, Bertram Thomas na kisha St John Philby, mapema miaka ya 1930. Yeye alilivuka mara mbili kati ya 1946 na 1948, na ile mara ya kwanza alianzia Salalah, akapanda kaskazini hadi ukingo wa Liwa, halafu akarudi akipitia hizi nyika za changarawe za Oman. Yaani mahali basi letu lilikuwa linakata kwa saa chache, yeye alipita juu ya ngamia, akiwa na njaa. Nilikuwa na sambusa mbili mapajani nilipotambua hilo.

Sasa hili neno “peke yake”. Tafuta Thesiger popote watu wanapoorodhesha wasafiri wakubwa wa upweke, utamkuta. Si kosa lake. Kitabu chenyewe amewatunukia vijana wawili wa kabila la Rashid, Salim bin Kabina na Salim bin Ghabaisha, waliosafiri naye, na katika kila sura ya maana anasisitiza kwamba bila wao asingetoka hai. Ni wasomaji na wauzaji wa vitabu waliowafuta. Wakiona Mzungu mmoja kwenye picha, basi ni mtu mmoja.

Kiswahili kinaweza kutusaidia hapa kuliko Kiingereza. “Peke” haisimami bila mwenyewe: peke yangu, peke yake, peke yetu. Na hakuna anayeshangaa ukisema “tulikuwa peke yetu” mkiwa watano, au familia nzima, au mtaa mzima umekatiwa stima. Neno linachodai ni useme nani wako ndani ya uzio na nani wako nje. Kwa hivyo dada hakukosea sarufi kunichokoza vile. Peke yako, sawa, lakini umemhesabu nani kuwa mtu?

Safari ile ya kwanza, Thesiger aliondoka na kundi kubwa la watu wa Bait Kathir, na wengi wao wakarudi nyuma walipoona hatari ya kilicho mbele. Waliobaki kuvuka mchanga mrefu walikuwa watano pamoja naye. Bin Kabina alikuwa kijana wa kama miaka kumi na sita. Naamini sura hizo ni kati ya maandishi bora kabisa ya njaa niliyowahi kusoma, na nimesoma mengi, mengine nikiwa na njaa yenyewe. Kuna tukio la sungura. Siku kadhaa wamekula unga kidogo uliochanganywa na maji ya chumvi, halafu wanapata sungura. Wanampika. Wanakaa wakingoja aive, wanazungumza habari zake, mate yanawatoka. Na kabla hawajagusa, wageni wanatokea kutoka nyuma ya mchanga. Wenzake wanawakaribisha, wanawaandalia kahawa, kisha wanaweka sungura wote na mkate wote mbele yao, na kuapa kwamba wao wenyewe hawahitaji. Thesiger anakaa pale anawaangalia wageni wakila na ndani yake anataka kuua mtu.

Ninalipenda tukio hilo kwa sababu hapo ndipo anaonekana ni mgeni kweli. Nguo ni zao, jina wamempa, Mubarak bin London, ngamia anampanda kama wao, lakini tumbo bado halijapata adabu. Na ana ujasiri wa kuandika hivyo. Mwandishi mdogo angejifanya alitabasamu.

(Kitu kingine ambacho hakisemwi na majalada: ukisoma kwa makini, hiki kitabu cha jangwa la joto kimejaa baridi. Walivuka majira ya baridi kwa sababu hakuna mwenye akili aliyevuka kiangazi kama alikuwa na hiari. Usiku wanatetemeka ndani ya blanketi moja moja. Nilisoma hayo nikiwa chini ya ile AC, na nikahisi sisi wawili tumeelewana.)

Lakini ukurasa ulionifanya niache kusoma, nikaangalia nje muda mrefu, ni mwingine. Kiongozi wa njia katika safari ile alikuwa mtu wa Rashid anayeitwa Muhammad al-Auf. Ndiye aliyejua kwamba vilima vya Uruq al-Shaiba, ambavyo ni milima kamili ya mchanga, vina mahali ngamia anaweza kupita. Alijua kwa sababu alikuwa amewahi kupita. Njiani Thesiger anamuuliza alivuka na nani mara ile. Al-Auf anasema alikuwa peke yake. Thesiger anadhani hakusikia vizuri, Kiarabu chake labda kimemwangusha, anauliza tena: wenzako walikuwa nani? Na al-Auf anamjibu kwamba mwenzake alikuwa Mungu.

Thesiger anastaajabu. Anakiri kwamba ni jambo kubwa kupita kiasi, mtu mmoja kwenye utupu ule. Halafu? Halafu safari inaendelea. Mistari michache, basi. Katika kitabu kizima kinachosifiwa kama kitabu cha mtu mmoja na jangwa, aliyevuka mtu mmoja kweli ni mwingine, na ana nafasi ndogo kuliko yule sungura.

Nilirudi nyuma kwenye simu nikidhani nimeruka kurasa. Sikuwa nimeruka. Thesiger ni mtu anayetuambia ngamia gani alikuwa na kidonda wapi, kisima gani kilikuwa na maji machungu kiasi gani hata ngamia wakayakataa. Ana jicho. Ana subira. Na hapa alikuwa na mtu mbele yake aliyefanya kile ambacho yeye amekuja kutafuta, tena bila wenzake, bila kitengo cha nzige, bila bunduki za kugawia watu, na hamkalishi chini usiku mmoja kumwambia: nieleze tangu mwanzo.

Kwa nini? Jibu rahisi ni dharau, lakini sidhani. Thesiger aliwaheshimu hawa watu kuliko alivyowaheshimu watu wa kwao. Nadhani tatizo ni kwamba heshima yake ilikuwa ya aina inayofunga mdomo. Kwake Mbedui akivuka jangwa anafanya ubedui wake tu, kama samaki kuogelea. Nani anamhoji samaki? Safari inakuwa safari pale anayekwenda alikuwa na mahali pengine pa kukaa. Mwenye Oxford nyuma yake akilala njaa, ni uamuzi. Al-Auf akilala njaa, ni Jumanne.

Ndiyo maana pia nikikifikia kile anachojulikana nacho zaidi, chuki yake kwa magari na mafuta, huwa namwacha aende zake. Aliporudi Oman na Abu Dhabi mwaka 1977 alikuta marafiki zake wana magari na nyumba, na akaumia. Aliona kitu kizuri kimekufa, na sikatai kwamba kuna kitu kilikufa. Lakini kuna kiburi fulani kwa mtu kutaka wenzake wabaki maskini kwa sababu umaskini wao ulimfundisha yeye kitu. Bin Kabina alipenda ngamia. Hakuna mahali alipoahidi kwamba hatapenda gari.

Mtu ataniambia hayo ni mambo ya mzee wa zamani, siku hizi waandishi wamebadilika. Kiasi. Robyn Davidson, Mwaustralia, alitembea mwaka 1977 kutoka Alice Springs hadi Bahari ya Hindi, kama kilomita 2,700, akiwa na ngamia wanne na mbwa, na kitabu chake *Tracks* kikatoka mwaka 1980. Kuna filamu pia, ya 2013, nzuri kwa macho. Davidson ninamwamini zaidi kwenye hili suala kwa sababu kitabu chake kimejaa hasira kuhusu neno lenyewe. Gazeti la National Geographic lilimpa pesa, na bei yake ikawa mpigapicha anayejitokeza kila baada ya muda kuupiga picha upweke wake. Anasema wazi kwamba picha zile zilitengeneza mwanamke mwingine, si yeye. Anasema ngamia alifundishwa na Sallay Mahomet, mtu wa ukoo wa wale “Waafghani” walioletwa Australia na ngamia wao karne ya kumi na tisa. Na kipande cha furaha kubwa zaidi kitabuni si pale akiwa mwenyewe kabisa. Ni zile wiki anazotembea na mzee Eddie, wa Wapitjantjatjara, ambaye hawana lugha moja ya kutosha na wanacheka njia nzima. Jangwa ambalo kwenye ramani lilikuwa tupu, kwa Eddie lina majina kila baada ya hatua chache.

Lakini hata Davidson alikuwa na hiari. Alipochoka sana aliwaza kuacha, na kuacha kulikuwa kitu kinachowezekana. Hapo ndipo inabidi nimrudie dada yangu, na nimepewa ruhusa, kwa masharti.

Alienda Oman mara ya kwanza kwa kandarasi ya kazi za nyumbani. Alipelekwa mji mdogo wa ndani, mbali na pwani. Chini ya utaratibu wa kafala, kibali chako cha kukaa nchini kimefungwa kwa mwajiri wako, na pasipoti yake ilikuwa kwenye droo ya chumba asichoruhusiwa kuingia. Yaliyotokea nyumba ile si ya makala hii. Alikaa miezi kumi na moja. Usiku mmoja akatoka, akaifuata njia ya changarawe gizani hadi barabara kuu, akasimama huko hadi mwenye pikapu, Mpakistani, akamchukua hadi kituo cha petroli. Hapo akakutana na mama mmoja aliyemsikia akiongea na simu, akamjibu kwa Kiswahili, kile cha Unguja. Kuna familia nyingi Oman zenye Kiswahili hicho, waliohama Zanzibar au wazazi wao walihama. Huyo mama ndiye aliyemfikisha Muscat. Dada akarudi Kenya, akakaa miezi minane bila kazi, akarudi Oman tena, safari hii kwa kazi ya saluni Salalah. Watu nyumbani walimwona ni kama amerogwa. Yeye alisema kodi hailipwi na woga.

Hiyo aya hapo juu ndiyo yote niliyokuwa nayo kwa miaka minne. Nilijaribu mara nyingi kupata zaidi. Mimi ni mtu ninayeishi kwa kuandika, karo ya chuo ilinishinda mwaka wa pili, na nilijua, Mungu anisamehe, kwamba hii ni stori. Kila nikimpigia nilikuwa na maswali yangu: ulihisi nini? Uliogopa? Ulikuwa unafikiria nini kule gizani peke yako? Na kila mara alinijibu kitu kilekile: “Nilitembea nikafika. Unataka nikwambie nini tena, kaka?” Nikadhani ni maumivu. Nikaandika hata shairi baya kuhusu ukimya wake, ambalo kwa bahati hakuna aliyelichapisha.

Baada ya Thumrait basi likaanza kushuka milima ya Dhofar na hewa ikabadilika, kuna unyevu ndani yake, na ghafla ngamia kila mahali, wameziba barabara kama ng'ombe wa Kajiado. Alikuwa stesheni na mfuko wa mikate. Jioni, kwenye roshani ya chumba anachopanga na wenzake wawili, nikamweleza kuhusu stetasi na kitabu. Nikamtafsiria ule ukurasa wa al-Auf, taratibu, kutoka kwenye simu. Nilikuwa nangoja aguswe na lile jibu la kwamba mwenzake alikuwa Mungu. Nilikuwa nimeshalipangia nafasi kwenye makala.

Hakuguswa nalo hata kidogo. Alikuwa amekunja uso kama mtu anayepiga hesabu.

“Maji alibeba kiasi gani?”

Nikamwambia sijaona kimeandikwa.

“Na ngamia wangapi? Manake mmoja akivunjika mguu, umekwisha.”

Nikatafuta tena. Nikamwambia Mzungu hakuuliza.

“Hakuuliza,” akasema, kama mtu aliyesikia mpishi hakuonja chumvi. Akachukua mkate, akaukata. “Mimi nilikuwa na chupa mbili za lita moja na nusu. Nilizificha chini ya kabati la jikoni siku tatu, nikijaza usiku. Ya kwanza nilimaliza kabla jua halijatoka, ujinga, nilikuwa natembea haraka sana. Ya pili nikajiambia siifungui hadi nione lami. Na viatu nilivua, unajua kwa nini? Changarawe ina kelele.”

Halafu akaendelea, na akaongea hadi saa saba usiku.